Ekseli isiyo na jina chini ya mwembe wa Mbuchi

KATIKA kijiji cha Mbuchi, ndani ya delta ya Mto Rufiji wilayani Kibiti, kulikuwa na ekseli ya mbele ya gari iliyolala chini ya mwembe kwa miaka mingi. Watoto waliifanya farasi, kuku walitagia pembeni yake, na mafuriko ya Aprili 2024 yalipopita yaliiachia tope hadi kwenye hapu. Gari lenyewe halipo. Chesesi na bodi zilikatwa vipande zamani, zikaondoka na wanunuzi wa chuma chakavu, ikabaki ekseli kwa sababu siku ile ilikuwa nzito kupita uwezo wa waliokuja kuibeba.

Nilifika pale kwa shughuli nyingine kabisa. Nilitaka kujua gunia la mpunga linakula kiasi gani cha usafiri hadi kufika Kibiti mjini, penye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Nikakuta watu wanne wamesimama juu ya chuma hicho wakibishana: mwenye ekseli, mfanyabiashara wa mpunga na nazi aliyekuwa na lori dogo lililovunjika, fundi mzee wa kijijini, na kijana mnunuzi wa chakavu aliyekuja na mizani ya kuning'iniza.

Mfanyabiashara alikuwa na shida ya kweli. Lori lake ni Land Cruiser ya zamani ya kubebea mizigo, linalovuta kwa magurudumu yote manne, yaani fowili kama madereva wanavyosema. Ganda la ekseli yake ya mbele lilikuwa limepasuka karibu na lile tufe la chuma la kukatia kona. Hakuna aliyeuliza sababu. Mtu anayejaza gunia za lumbesa na kupita nazo kwenye mashimo anajua mwenyewe kilichotokea. Mavuno yalikuwa yamefika, na kwenye udongo wa delta gari lisilovuta mbele huwa halifiki popote mvua ikinyesha kidogo.

Swali lililokuwa mezani, au tuseme chini ya mwembe, ni moja: ekseli hii ni ya gari gani? Mzee mmoja alisema ni ya Landrover ya watu wa misitu, enzi walipokuwa wakija kukagua mikoko. Mwingine akasema hapana, ni ya gari lililokuwa likisomba barafu ya kamba. Kila mmoja alikuwa na hakika.

Bei tatu za chuma kimoja

Kabla ya kwenda kwenye nati na spana, msomaji aniruhusu nieleze kwa nini swali hili lilimhusu mchumi wa kilimo.

Ekseli ile ina bei tatu. Ya kwanza ni ya chakavu, inayokwenda kwa kilo. Ya pili ni ya tela: mtu ataichomelea fremu, aifunge nyuma ya pawatila au trekta, asombe mpunga. Ya tatu ni ya spea, pale inapokutana na gari linaloihitaji. Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Mnunuzi wa chakavu akitoa shilingi 700 kwa kilo, na ekseli ikawa na kilo 120, mwenye nayo ataondoka na shilingi 84,000. Mwenye kutafuta spea atalipa mara kadhaa ya hapo bila kunung'unika, kwa sababu kila wiki lori lake linapolala lina gharama. Tuseme linabeba gunia kumi kwa safari, kila gunia likimwachia shilingi 6,000 baada ya mafuta, na linakwenda safari tatu kwa wiki. Hizo ni shilingi 180,000 kwa wiki. Likilala wiki nne za mavuno, zimepotea 720,000.

Tofauti ya bei hizo haitoki kwenye chuma. Chuma ni kile kile. Inatoka kwenye jina. Ekseli ikiwa na jina ni spea, ikikosa jina ni kilo.

Mwaka 1970 mchumi Mmarekani George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, akaonyesha jinsi muuzaji anayeijua kasoro ya gari na mnunuzi asiyeijua wanavyoweza kuliharibu soko zima. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Lakini Akerlof hakuufikiria mwembe wa Mbuchi. Pale muuzaji hajui, mnunuzi hajui, na anayejua yuko mbali, Gerezani au Ilala jijini Dar es Salaam. Huyo huletewa chuma kwa bei ya kilo, akakigeuza mara moja, akaona namba, akakisafisha kwa dizeli na kukiuza kama spea. Faida yake yote ni ile dakika moja ya kukigeuza. Simlaumu, maana ujuzi nao ni mtaji. Ninachosema ni kwamba mtaji huo si mgumu kuupata kijijini, ukiwa na futi ya fundi seremala, jeki na uvumilivu.

Wenyeji wa delta wanajua habari ya chuma kikuukuu chenye jina. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikono ya mto huu tangu mwaka 1914, ikazamishwa Julai 11, 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikawekewa magurudumu na kukokotwa kwenda kupigana nchi kavu. Mmoja wao leo unatazamwa na watalii pale Fort Jesus, Mombasa.

Hesabu nati kwanza

Fundi mzee hakushiriki ubishi. Alichuchumaa, akakwangua tope kwenye hapu, akahesabu stadi zinazoshika ringi. Sita. Mimi, kwa haraka ya mtu aliyesoma, nikasema basi hiyo ni ya Land Cruiser. Akanitazama akaniuliza, "Mwanangu, Hilux zina ngapi?" Nikanyamaza. Hilux za fowili nazo zina sita.

Hata hivyo, nati sita zilikuwa zimekwisha kufukuza nusu ya ubishi. Landrover, tangu lilipotoka gari la kwanza mwaka 1948 hadi Defender za mwisho zenye ekseli nzima, lina stadi tano. Suzuki ndogo za fowili nazo zina tano. Land Cruiser za mkonga zilikuwa na sita, lakini toleo la kuanzia mwaka 1999 liliwekewa tano, na springi za majani za mbele zikaondolewa, zikaja za koili. Kwa hiyo mzee wa Landrover ya misitu alikuwa na kumbukumbu nzuri ya gari, ila si la ekseli hii.

Nati tano hazitoshi kutofautisha gari na gari, kwa hiyo unapima. Mafundi wa magari hupima duara linalopita katikati ya stadi zote. Kwenye hapu ya nati sita ni rahisi: unapima toka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo. Toyota za aina hii ni milimita 139.7, sawasawa na inchi tano na nusu. Kwenye nati tano hakuna zinazotazamana, kwa hiyo unapima stadi mbili zinazofuatana, katikati kwa katikati. Ukipata kama milimita 97, hapo pana Landrover, maana duara lake ni milimita 165.1. Ukipata kama 88, ni Land Cruiser ya baada ya 1999, yenye duara la 150. Ukipata kama 82, ni Suzuki au gari jingine dogo lenye duara la 139.7. Andika vipimo hivi ukutani kwa mkaa, vinatosha kuokoa nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi.

Hatua ya pili ilikuwa kujua tumbo la difu liko upande gani. Hapa watu wengi hukosea kwa sababu ekseli iliyolala haina mbele wala nyuma. Siri ni hii: kwenye ekseli ya mbele, mdomo wa pinioni, pale propela inapofungwa, hutazama nyuma ya gari. Basi iweke ekseli kama ingekaa garini, mrija wa kupumulia ukiwa juu na kizibo cha kumwagia oili kikiwa chini. Kisha simama upande ambao mdomo wa pinioni unakutazama tumboni. Sasa unatazama mbele kama dereva. Difu ikiwa upande wa mkono wako wa kulia, hiyo inakubaliana na Land Cruiser za zamani, na Landrover pia. Ikiwa kushoto, unatazama Hilux za zamani zenye ekseli nzima.

Ya Mbuchi ilikuwa kulia. Nati sita, difu kulia: Hilux ikatoka, Landrover ilishatoka. Fundi hakuridhika bado. Akapima kikalio cha springi, pale majani ya springi yanapokaa juu ya ekseli. Hilux hutumia springi za upana wa milimita 60, Landrover za zamani inchi mbili na nusu, ambazo ni 63.5, na Land Cruiser milimita 70. Kutu ilikuwa imekula kingo, lakini sabini ilionekana. Nikamwuliza kwa nini asiangalie tu namba zilizotokeza kwenye chuma. Akasema namba zile ndizo zilizompotezea watu wengi fedha. Ni namba za kalibu, za kiwanda kilichomimina chuma, si namba ya spea. Ukimpigia mwenye duka ukamtajia, ama atasema haipo, ama atakuuzia kitu kingine. Landrover iligonga namba ya ekseli kwenye ganda lenyewe, na hiyo ina maana. Toyota huandika alama ya ekseli kwenye bati la gari, karibu na neno AXLE. Lakini bati la gari letu lilikuwa limekwenda na bodi. Anayekata gari na kutupa bati lake ametupa cheti cha kuzaliwa cha spea zote zilizobaki.

Arobaini na moja, au arobaini na saba?

Sasa tunafika mahali ambapo kosa linagharimu kuliko mengine yote, nami nitakaa hapa kidogo.

Ekseli mbili zinaweza kufanana kwa nati, kwa upande na kwa springi, na bado zisifae kwenye gari moja. Ndani ya difu mna kraun na pinioni. Idadi ya meno yake huamua propela izunguke mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Landrover za zamani zina meno 47 kwa 10, yaani 4.7. Range Rover, Discovery na Defender zina 46 kwa 13, kama 3.54. Toyota nyingi za kazi zina 41 kwa 10 au 37 kwa 9, yaani 4.10 au 4.11, ingawa zipo nyingine.

Fowili ya kawaida, ile ya kuweka na kutoa, haina difu ya katikati. Ukishaiweka, propela ya mbele na ya nyuma huzunguka sawasawa kama ng'ombe wawili kwenye nira moja. Chukua mtu aliyefunga nyuma 4.1 na mbele 4.7. Magurudumu ya nyuma yakizunguka mara 100, ya mbele yanataka kuzunguka mara 87 tu. Kwenye tope hutaona neno, kwa sababu tairi huteleza na kulipa deni. Kwenye ardhi kavu haliteleza tairi, kwa hiyo kitu kingine lazima kitoe nafasi: krosi ya propela, meno ya difu, au gia za transfa. Transfa ikivunjika, ile ekseli ya bei poa imegeuka kuwa ekseli ghali kuliko mpya.

Hesabu ya kujua namba hiyo haihitaji kufungua kitu. Weka ekseli juu ya magogo mawili, hapu zikiwa hewani. Kama hapu zina zile funguo za kugeuza zenye maneno FREE na LOCK, geuza zote mbili kwenye LOCK, la sivyo utazungusha hapu bure na ndani pasiende kitu. Chora alama ya chaki kwenye mdomo wa pinioni. Mtu mmoja ashike hapu ya upande mmoja isizunguke kabisa. Wewe zungusha ya upande wa pili mizunguko 20 kamili, na mtu wa tatu ahesabu pinioni imezunguka mara ngapi. Kwa kuwa upande mmoja umeshikwa, difu inakwenda nusu, hivyo mizunguko 20 ya hapu ni mizunguko 10 ya kraun. Ukihesabu 41, una 4.1. Ukihesabu 47, una 4.7. Ukihesabu 35 na kidogo, una 3.54. Tofauti ya 4.10 na 4.11 hutaiona kwa hesabu hii, wala haina madhara. Tairi moja iliyolika kuliko mwenzake inaleta tofauti kubwa kuliko hiyo.

Halafu usisahau kuhesabu na ya gari lako. Nimeona watu wakihesabu ya kununua kwa makini, ya kwao wakaikisia. Inua gurudumu moja la nyuma, jingine libaki chini. Zuia tairi zote zilizo chini kwa mawe au magogo, kwa sababu handibreki itabidi uiachie. Gia iwe huru. Zungusha gurudumu lililoinuliwa mara 20, hesabu propela.

Ekseli ya Mbuchi haikukubali kuzunguka siku ile. Fundi akatoa kizibo, akamimina dizeli, akasema turudi kesho. Mnunuzi wa chakavu akaona amepotezewa muda, akafunga mizani yake akaenda zake, akiacha namba ya simu kwa mwenye ekseli. Kesho yake ikazunguka kwa kelele kama jiwe la kusagia, watoto watatu wakihesabu kwa sauti. Arobaini na moja. Tukaenda kwenye lori, nyuma: arobaini na moja.

Maji ya chumvi

Hapo mfanyabiashara alitaka kulipa. Fundi akamwambia, "Subiri bwana mdogo, tumejua jina tu. Bado hatujajua kama mgonjwa yu hai."

Delta ya Rufiji ina mikoko inayokadiriwa kufikia hekta 53,000, na maji ya bahari hupanda na kushuka ndani yake kila siku. Gari la huku huoga chumvi. Difu ikiwa ya moto baada ya safari, ikaingia ghafla kwenye kijito baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta. Mrija wa kupumulia ukiwa umeziba kwa tope, uvutaji huo huingiza maji kupitia sili. Oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Dereva asipoimwaga, chumvi hula beringi na uso wa meno. Wenye magari ya delta nawaomba jambo moja: ondoeni huo mrija mdogo, uchomekeni mpira mrefu, na ncha yake muifunge juu karibu na injini. Ni kazi ya nusu saa.

Tulipofungua kichwa cha difu, nacho kwenye Toyota na Landrover hizi za zamani hutoka upande wa pinioni kikiwa kizima baada ya kufungua nati zinazokizunguka, tulikuta kraun imejaa vidonda vya kutu na beringi moja imegawanyika. Kama spea ya difu, ilikuwa imekufa. Uso wa mfanyabiashara ulinyong'onyea.

Lakini kumbuka kilichovunjika kwenye lori lake. Si difu, ni ganda. Na ganda la ile ekseli, fundi alipoligonga kwa nyundo kutoka ncha hadi ncha, lilijibu kwa mlio mmoja safi. Pale penye ufa au kutu iliyokula ndani, sauti huwa butu. Tufe zake zilikuwa na madoa machache upande mmoja, lakini sehemu inayopitiwa na sili ilikuwa laini. Kingpini hazikuwa na mchezo. Breki zilikuwa za diski, kama za lori. Hilo lina uzito wake, kwa kuwa ekseli ya drami ukiifunga kwenye gari lililoundwa kwa diski, masta silinda haitakubaliana nayo, na breki si mahali pa kujaribia bahati.

Likabaki swali moja: kichwa cha difu cha lori kitaingia kwenye ganda la mwembe? Land Cruiser hazikuwa na difu ya mbele ya aina moja miaka yote. Za zamani zaidi pinioni yake iko chini ya mstari wa katikati ya ekseli. Zilizofuata zina kichwa kidogo zaidi na pinioni imepanda juu ya mstari huo. Vichwa hivyo haviingiliani. Hapa huhitaji hata kupima, unatazama kwa ubavu. Zote mbili zilikuwa za pinioni ya chini. Fundi hata hivyo alipima matundu ya nati kwa kuweka boksi la kadibodi kwenye ganda, kuligonga kwa kidole hadi likatoboka alama, kisha kulipeleka kwenye kichwa cha lori. Yakalingana.

Kwa hiyo kilichonunuliwa hakikuwa ekseli. Kilinunuliwa ganda na tufe zake, na bei ikajadiliwa upya kwa msingi huo. Mwenye nayo alianza kwa kudai bei ya ekseli nzima, mfanyabiashara akaanza kwa bei ya kilo. Walipatana katikati, zaidi ya maradufu ya ile ya mizani. Nikawashauri waandikiane karatasi yenye majina, tarehe na maelezo ya kitu chenyewe, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia. Chuma cha zamani kina wizi mwingi, na asiye na karatasi barabarani hana la kusema.

Kama ingekuwa tela

Wapo wasomaji watakaosema wao hawana Land Cruiser, wana pawatila, na wanachotaka kwa ekseli kama hiyo ni tela la kusombea mpunga. Ni wazo zuri, nalo lina masharti. Ekseli ya mbele imeumbwa kukata kona, kwa hiyo ukiifunga tela bila kuzuia stelingi, magurudumu yatakwenda kila moja na njia yake na tela litayumba hadi lipinduke. Tairodi lazima izuiwe imara kwenye ganda, magurudumu yakiwa yamenyooka sawasawa, na hapo mchomeleaji wa kawaida hatoshi, tafuta mwenye mkono. Faida yake ni kwamba gurudumu la ekseli hizi hubebwa na beringi za hapu, si na shafti ya ndani. Unaweza kuchomoa shafti na kichwa cha difu, ukaziba matundu, ukapata tela jepesi. Usijaribu hivyo kwa kila ekseli ya nyuma. Zipo ambazo shafti ndiyo inayoshika gurudumu, na ukiichomoa, gurudumu linaondoka nayo.

Na tela likitoka shambani likaingia barabara kuu, linahitaji usajili, taa na breki. Wengi hulifahamu hilo siku ya kukutana na askari.

Mfanyabiashara wetu hakuwa na haja ya tela. Kazi ya kuhamisha difu yake kwenye ganda jipya, kubadilisha sili zote, kufunga kwa grisi mpya na kurudisha springi ilichukua siku tatu, moja ikipotea kumsubiri kijana aliyetumwa Kibiti kununua sili. Alirudi na za Hilux. Akarudishwa.

Nilipoondoka lori lilikuwa limebeba gunia nane badala ya kumi na nne za mazoea, kwa amri ya fundi, likivuka lile daraja la Mbuchi lililojengwa na TARURA mahali ambapo zamani watu walivuka kwa mitumbwi. Kichwa cha difu chenye kutu kilibaki chini ya mwembe. Mwenye nacho anasema hakiuzi kwa kilo, na tayari amekwisha kumwuliza fundi kama ule mdomo wa pinioni, ambao haukupata kutu, unaweza kupata jina lake peke yake.